Mtu wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Hakuwa na nyumba ya ghorofa, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kushoto, hakuwa na suti iliyokatwa kwa kipimo chake mwenyewe, wala hakuwa na ndugu mwenye cheo wa kumkimbilia mambo yakienda kombo. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Kusoma kwake kote kulikuwa kwa madarasa ya jioni, baada ya kazi. Hakuwa na subira na watu wanaochelewa. Na kila mwaka, katika wiki ile inayotangulia Jumapili ya Jukwaa, hakuwa na hamu ya chakula, jambo ambalo mkewe alidhani ni huzuni, naye akamwacha adhani hivyo.

Alichokuwa nacho ni sauti. Watu walimwita Mzee Chapa kwa sababu mpaka alipostaafu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha serikali cha uchapaji, lakini kanisani walimjua kwa sauti. Ilikuwa nzito na tulivu, haina haraka, na kwa sauti hiyo ndiyo alisoma, miaka ishirini na minne mfululizo, majina ya watu mia mbili na kumi na watatu waliokufa siku jukwaa la uwanja wa taifa lilipoanguka katikati ya sherehe. Kila jina likisomwa, mwenye mtu wake alisimama akaitikia, "Yupo." Mchungaji wa kwanza ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Alisema wafu wa Bwana hawalilii kusikitikiwa, wanataka kuitwa kama watoto wanavyoitwa darasani, na lazima mtu awajibie. Wasio na ndugu walijibiwa na kanisa zima.

Mwaka huu wa ishirini na tano washirika walikuwa wameamua kuweka jiwe mbele ya mlango wa kanisa, lenye majina yote. Jiwe lilikwisha kuletwa, limelazwa chini ya turubai, na mchonga mawe aliahidi kuanza Alhamisi. Jumatatu mchana wazee wa kanisa walikutana ofisini kwa mchungaji kukubaliana juu ya ukubwa wa herufi, kazi ambayo Mzee Chapa aliiona ni yake kwa haki zote.

Hapo ndipo alipoingia Mpiga Pasi.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye kibanda cha kupiga pasi karibu na soko, na mikono yenye alama ndogo za kuungua. Alikuwa amehamia ushirika huu miaka miwili tu. Alisimama karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kiti, akasema amesikia habari za jiwe. Dada yake alikufa siku ile uwanjani. Mwaka juzi alikaa kanisani akingoja jina lake lisomwe, halikusomwa, akadhani alisinzia. Mwaka jana hakusinzia. Akalitaja jina la dada yake, majina yote matatu, polepole, kama mtu anayemwandikisha mtoto shule.

"Nataka naye achongwe," alisema. "Na siku hiyo niitikie."

Wazee wakatazamana. Mzee kiongozi, ambaye zamani alikuwa ofisa wa forodha na bado aliitwa Bwana Forodha, akamuuliza maswali kama mtu anayefungua sanduku la msafiri. Ana karatasi gani ya mazishi? Hana, maji ya mafuriko yalichukua nyumba na kila kilichokuwemo. Ana shahidi? Aliyemwosha marehemu ni yeye mwenyewe na mama yao, na mama hayupo tena. Kwa nini miaka yote hiyo alinyamaza? Aliolewa mbali. Kwa nini amerudi sasa, mwaka wa jiwe? Mpiga Pasi akasema alirudi kabla ya jiwe, jiwe ndilo lililomkuta. Mzee mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba siku hizi watu hufiwa kwa kutafuta fidia.

Mchungaji, kijana mwenye miwani, akasema kwa upole kwamba kanisa halina mamlaka ya kuongeza mtu. Jiwe litafuata karatasi ya serikali, ile orodha iliyochapwa wakati wa msiba, mpaka serikali yenyewe iseme vingine.

Mzee Chapa alikuwa hajasema neno. Lakini karatasi ile aliipanga yeye, herufi kwa herufi, na mtu alikuwa amesimama mbele ya wazee akisema ina kasoro.

"Karatasi ile haina kosa," alisema. "Kosa ni la watu wenyewe, wanaandikishwa hospitali kwa majina ya mtaani. Huyo Kikombe angekuwa na jina la kueleweka, leo tusingekuwa hapa."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mpiga Pasi hakutikisa. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama anavyotazama kitambaa asichokijua kabla hajakiwekea pasi.

"Mzee," akasema, "mimi sijamtaja Kikombe."

Mzee Chapa akasema alisikia kwa watu. Mpiga Pasi akauliza watu gani. Akasema watu tu, wa uwanjani, zamani. Mpiga Pasi akasema dada yake aliuza maji kwa kikombe pale uwanjani kwa miezi minne tu, akapewa jina hilo na wapiga tarumbeta wa bendi, na siku alipokufa lilikufa naye. Halafu akafunga kitenge chake vizuri, akaaga kwa heshima, akaondoka. Kikao kikaendelea na ukubwa wa herufi, lakini Bwana Forodha alikuwa anamwangalia Mzee Chapa kwa jicho la upande, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na kitu kinachokaribia kucheka.

Maneno yalifika nyumbani kabla yake. Mke wa mzee mmoja alipita kuazima ungo, akarudi bila ungo, na mke wa Mzee Chapa akabaki mlangoni mikono kiunoni.

"Kikombe ni nani?" alimwuliza hata hajavua viatu.

Akasema ni marehemu mmoja wa uwanjani. Akaulizwa alimjuaje. Akasema hakumjua. Akaulizwa sasa jina lake la kuitwa na wapiga tarumbeta amelijuaje, yeye alikuwa mpiga tarumbeta? Mzee Chapa, ambaye kwa miaka arobaini ndani ya nyumba hiyo alikuwa ndiye mwenye neno la mwisho, akasema ana kichwa kinauma.

"Kitauma sana," alisema mkewe.

Hakugomba. Ndilo lililomtisha. Alimpakulia chakula, akamnawisha, akamwekea maji. Kisha akachukua mto wake, akaenda kulala chumbani kwa binti yao mwalimu. Asubuhi binti akamsalimia baba yake bila kumtazama usoni. Kabla hajatoka kwenda kazini, Mzee Chapa akasikia mama na mwana wanaongea upande wa jikoni, na alipokaribia wakaongea habari za sabuni. Jioni akamkuta mkewe amekaa na sanduku la picha, anazipitia moja moja, zile za mwaka wa jukwaa anaziweka kando.

"Mwaka ule ulikuwa unarudi umechelewa," alisema, kama anayesoma nyuma ya picha. "Ukisema ni kazi nyingi."

"Ilikuwa kazi nyingi."

"Na uliporudi siku ya pili ya msiba uliosha mikono mpaka sabuni ikaisha. Nikasema, maskini, mume wangu ana huruma."

Mzee Chapa naye alikuwa na shaka zake. Alimshuku Mpiga Pasi kuwa anajua yote na anamtega. Alimshuku mchungaji, maana siku hiyo walipokutana njiani alimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Alimshuku hata mchonga mawe, aliyekuja kupima jiwe na kuuliza mara mbili kama idadi ni hiyo hiyo.

Jumatano asubuhi Bwana Forodha alimtembelea. Alikaa barazani, akakunja nne, akasifu rangi ya ukuta. Kisha akasogeza kiti.

"Ndugu yangu," alisema, "sisi sote tulikuwa vijana. Jua kali, uwanjani, mwanamke anauza maji. Kiu haichagui mzee wa kanisa."

Akacheka peke yake. Halafu akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga kila kitu, kwamba wazee wamezungumza. Hakuna atakayelitaja jambo hilo. Mchungaji atamwombea faraghani, yatakwisha. Mkewe atapoa, wanawake wa umri ule hawana pa kwenda. Jumapili atasoma majina yake kama kawaida, kwa sababu nani mwingine ana sauti ile? Na yule mama wa pasi, watamwambia kwa upole kwamba akiendelea kumvuta dada yake hadharani, na haya ya dada yake na mume wa mtu yatatoka. Ataona aibu, ataacha.

Mzee Chapa alimsikiliza. Lilikuwa pendekezo zuri. Alikuwa anasamehewa, tena kwa kicheko, dhambi ambayo hakuitenda, na ile aliyoitenda ingebaki ilipo. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa kidogo tu. Kweli akakiinamisha, na Bwana Forodha akampiga begani, akaenda zake akiwa ameridhika.

Alibaki barazani mpaka kivuli cha paa kikamfikia miguuni. Alikuwa anafikiri juu ya mwanamke maskini aliyekufa chini ya mbao, ambaye sasa wazee wanne wa kanisa walikuwa wamempa mume wa mtu ili wapate kunyamaza vizuri.

Mkewe alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Sikuwa na mwanamke," Mzee Chapa alisema.

"Mwenzio keshasema unaye. Nimesikia kila kitu, ukuta huu ni wa mabanzi. Na hukumkatalia."

"Sikumkatalia kwa sababu ile nyingine ni mbaya zaidi."

Hapo mkewe akaacha mchele.

Akamweleza. Siku ya pili ya msiba waziri alitangaza redioni saa sita mchana kwamba waliokufa ni mia mbili na kumi na watatu. Alasiri ikaja orodha ya hospitali ili ichapwe, ibandikwe nchi nzima. Alipoipanga, akahesabu, akapata mia mbili na kumi na wanne. Akahesabu tena. Akampelekea mkuu wake. Mkuu akasema idadi imekwisha kutangazwa, karatasi haiwezi kumfanya waziri mwongo siku ya msiba. Atolewe mmoja. Akamwuliza, nani? Mkuu akasema, wewe ndiye mpanga herufi.

"Nikaipitia," alisema Mzee Chapa. "Wote walikuwa na majina mawili, matatu. Wanajeshi, wanafunzi, watu na ndugu zao. Mmoja tu alikuwa na neno moja. Kikombe, muuza maji. Nikasema huyu hana wa kumuuliza. Nikautoa mstari wake kwa vidole. Hata haikuchukua muda wa kupenga kamasi."

Mkewe akauliza wakati huo alikuwa na miaka mingapi. Akasema arobaini na mitatu.

"Basi haikuwa utoto," alisema mkewe. "Siku mbili nimelala kitanda cha mtoto kwa mwanamke uliyemgusa jina tu. Afadhali ningekufumania." Akachukua punje moja ya mchele, akaitazama, akairudisha. "Miaka yote hii nasimama na kanisa kuwaitikia wasio na watu. Nilikuwa najivunia. Ukimaliza kusoma unakunja karatasi unasema amina, na mimi nasema amina. Kumbe nilikuwa naitikia hesabu yako."

Mzee Chapa akasema atakwenda kwa mchungaji, aungame.

"Mchungaji hakufiwa," alisema mkewe. "Nenda kwa mwenye mtu. Na uende kabla hujala."

Kibanda cha pasi kilikuwa na foleni. Mzee Chapa alifika, akasalimia, akaambiwa asubiri kama wengine. Hakukuwa na kiti. Alisimama juani nyuma ya kijakazi mwenye mashuka na karani mwenye shati moja, na walipokwisha, Mpiga Pasi akachukua shati jingine, akalitandaza, akanyunyiza maji.

"Sema tu, mzee. Mkono wangu hauhitaji masikio."

Akasema yote, akiwa amesimama, kwa sauti ile ile ya kanisani ila imepungua nguvu. Mpiga Pasi alipiga pasi kola, akapiga mabega, akapiga mkono wa kulia. Alipofika mkono wa kushoto pasi ikasimama, akaiinua haraka kabla haijaunguza.

"Umetumwa?" aliuliza.

"Sikutumwa."

"Maana asubuhi alikuja mwenzako wa forodha. Akaniambia dada yangu alikuwa na tabia. Sasa unakuja wewe kuniambia hakuwa na tabia, alikuwa na jina fupi. Kesho anakuja nani?"

Mzee Chapa akasema hakuna mwingine. Akasema anaomba msamaha.

"Mnataka nini hasa?" alisema Mpiga Pasi. "Mnataka Jumapili mnisimamishe mbele, niseme nimesamehe, watu wapige makofi, halafu jiwe liwe lile lile?" Akarudisha pasi juu ya kigae chake. "Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji. Dada alikaa chini ya jukwaa kwa sababu kulikuwa na kivuli, mimi nikaenda bombani na ndoo. Niliporudi nilikuwa na maji yote na sina wa kumpa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliandikisha jina lake hospitali kwa mdomo wangu, majina matatu, na yule aliyekuwa anaandika alisikia wale wa bendi wanamwita Kikombe, akaandika alichokielewa. Kwa hiyo mimi mambo ya mdomo nimeyajua. Msamaha ninao, mzee. Mimi ni mtu wa kanisa kama wewe, na Mungu ananidai niutoe. Ila sitautoa hewani. Andika."

"Nimwandikie mchungaji?"

"Waandikie wenye karatasi, serikali. Weka sahihi yako, weka na kazi uliyokuwa unaifanya. Na kabla hujaifunga niione."

Mzee Chapa akatoa kalamu mfukoni. Ilibidi aulize, na swali lilimtoka kwa shida: majina matatu ya marehemu ni yapi?

"Jumatatu niliyataja," alisema Mpiga Pasi. "Nyote mkiwa mmekaa."

Lakini aliyataja tena, na Mzee Chapa akayaandika kwenye kiganja, kwa sababu hakuwa na karatasi, na Mpiga Pasi akashika mkono wake akaukagua.

Alhamisi mchungaji alipoambiwa na Mzee Chapa, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba Jumapili majina atayasoma yeye mwenyewe, na akatoka nje kumwambia mchonga mawe afunike jiwe, litasubiri majibu. Mchonga mawe akauliza litasubiri mpaka lini. Bwana Forodha ndiye aliyekasirika. Alimwambia Mzee Chapa mbele ya watu kwamba angetulia na lile la kwanza, wangemsamehe. Kufika mchana watu waliofiwa walikuwa wanakuja mmoja mmoja nyumbani kwake na karatasi zao za zamani, wanataka kujua kama aliwapanga watu wao sawasawa, na nini kingine alikitoa. Wengine walisimama nje ya lango tu, wakiangalia.

Barua ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Ilianza na miaka yake ya utumishi. Mkewe aliisoma yote, akairudisha mezani.

"Hii ni barua ya kuomba nishani."

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na ilisema alilazimishwa. Mkewe akauliza kama mkuu wake alimtajia jina la Kikombe. Akasema hapana. Basi, akasema mkewe, akaenda kuwasha jiko. Ya tatu ilikuwa fupi:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini ndiye niliyepanga herufi za orodha ya waliokufa uwanjani. Orodha iliyoletwa na hospitali ilikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne. Niliamriwa kutoa mmoja. Sikuamriwa kumtoa huyu. Huyu nilimchagua mimi, nikidhani hana mtu. Mtu anaye. Majina yake kamili ni haya yafuatayo. Naomba arudishwe, na niko tayari kuitwa popote kuyasema haya kwa mdomo."

Ijumaa saa nne asubuhi walikwenda posta watatu: Mzee Chapa, mkewe, na Mpiga Pasi aliyefunga kibanda chake na kuandika kwa chaki kwamba atarudi. Wanawake wawili walitembea nyuma, hawakuwa wameelewana bado, lakini walitembea sawasawa. Kwenye kaunta Mpiga Pasi aliomba barua. Akaisoma kwa kidole, midomo ikicheza, na watu waliokuwa nyuma yao wakaanza kuguna. Alipofika kwenye majina matatu kidole kilirudi mwanzo wa mstari, kikapita tena.

"Hapa," alisema, "dada yangu umemwandika mwishoni. Baada ya habari zako zote."

"Ni barua ya maelezo, mama, huanza na—"

"Naona inavyoanza."

Mzee Chapa akanunua karatasi nyingine kwenye kaunta hiyo hiyo. Akaegemea ubao, akaandika upya, akianza na majina matatu, na karani akawaambia wateja wa nyuma wapite dirisha la pili. Mpiga Pasi akasoma tena. Safari hii akaikunja yeye mwenyewe mara tatu, kingo zikakutana bila kupishana, akaitia kwenye bahasha. Mzee Chapa akalamba gundi. Mate hayakutosha, ulimi ulikuwa mkavu. Mkewe akachovya kidole kwenye sifongo la karani, akapitisha ukingoni, akabana.

Karani akauliza kama ni ya kawaida au ya rejista. Ya rejista, walisema wote watatu kwa pamoja. Akaigonga mhuri mara mbili, akaitupa kwenye gunia lililokuwa nyuma yake, akamnyooshea Mzee Chapa risiti.

Mpiga Pasi akaidaka katikati.

"Hii nitakaa nayo mimi," alisema, akaitia kifuani, akatangulia kutoka.